Bi Dirisha na Kadi ya Kitanda Kitupu

Leo tunamsindikiza dada yetu mkubwa, mke, mama na bibi, ambaye nyumbani tulimwita Dada na mji mzima ulimwita Bi Dirisha. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake anayemfuata, mwalimu mstaafu, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema mumewe angelia kabla ya kufika aya ya pili, na watoto wangemsifia kupita kiasi. "Wewe utasema ukweli," aliniambia, "maana hujawahi kunionea haya." Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu ndiye aliyeiendesha mashine hiyo, na mama alikuwa mshonaji. Kwa kuwa mashine ilinguruma kutwa nzima, watoto wote wa nyumba ile tulikua tukizungumza kwa sauti ya juu, na marehemu alitushinda sote. Hakuwahi kunong'ona maishani mwake. Hata siri alizisema zikasikika jikoni kwa jirani, kisha akashangaa zilitokaje.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kuimaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1974. Katika lugha alikuwa wa kwanza, katika hesabu alikuwa wa katikati, na katika jiografia alikuwa wa mwisho darasani. Haya si maneno yangu, ripoti ninayo. Mtu huyu ambaye baadaye aliwaelekeza maelfu ya watu alikuwa akiingia sokoni kwa mlango mmoja, anatokea kwa mwingine, na anasimama pale akiwauliza wauza vitunguu nyumbani kwake ni upande gani. Shemeji, mumewe, alizoea. Akichelewa kurudi, alikuwa anakwenda kumchukua.

Mwaka 1966 mama alilazwa hospitalini kwa wiki tatu. Baba alitupeleka kumwona, mimi nikiwa na miaka sita na marehemu tisa. Kila tuliyemuuliza alinyoosha kidole: pale mbele, zunguka kule, nyuma ya lile jengo. Tulizunguka mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha, tukarudi na chupa ya uji ikiwa bado ya moto. Mara ya pili mama mmoja mfagiaji alituona tumeduwaa, akaweka ufagio begani, akasema, "Nifuateni," na akatufikisha mpaka kitandani. Marehemu alisimulia kisa hiki katika kila usaili wa kazi aliowahi kufanya. Mimi nilikuwepo, na ninachokumbuka ni kiu tu. Yeye aliukumbuka ule ufagio.

Baada ya kozi ya uhazili na miaka michache ya ukarani katika ghala la mbolea, tarehe 1 Agosti 1979 aliajiriwa na hospitali hiyohiyo katika Ofisi ya Maelezo na Ushauri kwa Wagonjwa na Wageni. Ofisi ni neno kubwa. Ilikuwa ni chumba chembamba kushoto kwa mlango mkuu, chenye dirisha la kioo lililotobolewa chini sana, hivi kwamba kila mwenye shida ilimbidi ainame ndipo asikike. Ndani kulikuwa na stuli moja, daftari la waliolazwa, na simu iliyoweza kupokea lakini haikuweza kupiga. Ubao wa chini ya dirisha ulikuwa umetoka rangi mahali pawili, pale watu walipoegemea viwiko.

Kupitia tundu lile aliulizwa kila kitu. Eksirei ni wapi? Mtoto anaruhusiwa kuingia wodini? Daktari amesema neno refu na nimeona haya kumuuliza, maana yake nini? Nikikataa kupasuliwa watanifukuza? Nikiwa na malalamiko nampelekea nani? Mama mmoja aliwahi kuuliza kwa nini mumewe amenuna tangu akatwe mguu, na marehemu akafunga daftari, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Huyo hajakununia wewe, dada. Ameununia mguu. Nenda kakae naye, usimwulize kitu." Alikuwa hamung'unyi maneno. Lakini pia hakumfukuza mtu dirishani bila jibu. Asilolijua aliliandika pembeni mwa daftari, akalitafuta wakati wa chai, na kesho yake akamwita mwenye swali kwa sauti ile ya nyumba ya mashine, ukumbi mzima ukageuka.

Ndipo fundi umeme wa hospitali alipoanza kuja dirishani kuuliza chumba cha jenereta kiko wapi. Alielekezwa Jumatatu. Alirudi Jumatano, akaelekezwa tena. Ijumaa alipoinama kuuliza kwa mara ya tatu, marehemu alimwambia mbele ya foleni nzima, "Kaka, chumba cha jenereta ni kile unachokifungua kwa funguo zako kila asubuhi. Sema shida yako." Akaisema. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa mtoto wa kike na wa kiume. Kwa miaka arobaini na moja shemeji yetu hajawahi kukubali kwamba alikuwa anajua chumba kilipo.

Sasa nafika mahali ambapo watu wa kawaida wangeniomba niparuke. Marehemu alinikataza nisiparuke.

Siku ya Jumatano, tarehe 3 Septemba 1986, saa kumi jioni, fundi baiskeli mmoja alifika dirishani akiwa na chupa ya uji na nguo za kubadilisha. Mkewe alikuwa amelazwa wodi ya wanawake na yeye alikuwa hajamwona kwa siku mbili kwa sababu ya kazi. Marehemu alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa, akaonyesha kwa kalamu: "Jengo la zamani, mwisho wa ukumbi, mkono wa kulia." Hakujua kwamba jana yake jioni wodi nzima ilihamishiwa jengo jipya, ghorofa ya pili, ili ya zamani ipakwe rangi. Hakuna aliyekumbuka kuliambia dirisha.

Fundi alifika mwisho wa ukumbi, mkono wa kulia. Akakuta vitanda vitupu. Kitanda cha mkewe alikijua, kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, na godoro lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Hapakuwa na muuguzi wala mgonjwa, ila ndoo mbili za chokaa. Aliweka chupa chini, akakaa sakafuni, akalia peke yake mpaka alipoona giza linakaribia kuingia. Kisha akatokea geti la nyuma, akaenda nyumbani, akawaambia watu kwamba mkewe amefariki.

Kesho yake asubuhi ndugu zake watatu walifika dirishani wamevaa vizuri, wakaomba kuonyeshwa utaratibu wa kuchukua mwili. Marehemu alitazama daftari la chumba cha maiti. Hakuna jina. Akatazama tena. Aliwauliza kitanda kilikuwa wodi gani, wakamtajia jengo la zamani. Aliniambia kwamba wakati ule aliisikia sauti yake mwenyewe ya jana ikisema mkono wa kulia. Alifunga dirisha, akapanda ngazi za jengo jipya kwa kukimbia, ndugu watatu nyuma yake. Kule ghorofa ya pili walimkuta maiti wao amekaa kitandani, ameshika kiuno, anamfokea muuguzi.

"Siku ya tatu leo!" alikuwa anasema. "Mwambieni huyo bwana kama amepata mwingine aseme, lakini uji wangu aulete!"

Ndugu mmoja alikaa chini palepale. Mwingine alirudi ngazini mbio na hakuonekana mpaka mchana.

Marehemu angeweza kuwaachia wale ndugu wapeleke habari. Hakufanya hivyo. "Kosa ni langu, nitalisema mimi," alisema, akaongozana nao hadi kwenye msiba. Turubai lilikuwa limeshafungwa na watu wamejaa. Alisimama katikati yao na sare yake ya kazi, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti kwamba mama wa nyumba ile yu hai, kwamba yeye ndiye aliyemwelekeza mumewe kwenye kitanda kitupu, na kwamba anaomba radhi. Wapo waliomtukana. Fundi baiskeli alikuwa ndani. Alipoambiwa, aliuliza, "Anakula?" Aliposikia kwamba anadai uji, alilia kuliko alivyolia jana.

Marehemu alirudi ofisini akaandika barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nyumbani kwake alipoiandika, na nawaambia hakuwa anatania. Alisema mtu aliyemkalisha mwenzake sakafuni namna ile hafai kukaa dirishani. Barua ilikuwa kwenye mkoba wake siku mke wa fundi aliporuhusiwa kutoka. Yule mama, akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta, aliinama kwenye tundu.

"Wewe ndiye uliyeniua?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Na nasikia unaondoka."

"Naondoka."

"Huondoki," yule mama alisema. "Ukiondoka wataleta mwingine ambaye hajaua mtu bado, na huyo ataanza upya. Wewe umeshaua, unajua inavyouma. Kaa hapo hapo."

Alikaa miaka thelathini na zaidi. Barua aliichana siku hiyohiyo, na kuanzia kesho yake hakunyoosha tena kidole wala kalamu. Aliyeweza kufika kwa maneno aliambiwa maneno akitazamwa usoni, na asiyeweza alifikishwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, saa nzima kabla ya kufungua dirisha, alipita wodi zote kwa miguu kuona nani yuko wapi na mlango upi umefungwa. Mvua, mimba, msiba, hakuacha mzunguko ule. Wauguzi waliutumia kama saa.

Kisha akaanza vita vya kadi. Alitaka kila kitanda kinachohamwa kiachwe na kadi inayosema mgonjwa amekwenda wapi. Mkuu wa wauguzi wa wakati ule alimcheka. "Vitanda havizungumzi, bibi," alimwambia. Marehemu akamjibu, "Hicho cha Jumatano kilizungumza, na kilisema uongo." Uongozi ulisema kadi hazimo katika mpango. Basi alijifunga kibwebwe, akakusanya maboksi matupu ya bandeji, na sisi wadogo zake na shemeji tukakaa sebuleni kwake Jumapili tatu tukikata na kuandika: *Mgonjwa wa kitanda hiki amehamia...* na chini yake, *Usipopaona, shuka dirishani.* Shemeji alitoboa matundu kwa kifaa chake cha umeme. Ndani ya mwaka mmoja hakukuwa na muuguzi aliyekubali kukunja godoro bila kadi, na mwaka 1991 uongozi ule ule ulichapisha kadi rasmi na kuitisha mkutano kujipongeza. Marehemu alialikwa. Alikaa nyuma, akala biskuti, akarudi kazini.

Kuhusu waliofariki alikuwa na sheria moja, na hiyo hakukubali ijadiliwe. Kifo hakiandikwi kwenye kadi. Kifo kinasemwa na mtu, kwa mdomo, na anayeambiwa awe amekaa. Ndiyo maana alipigania pia viti, na viti vilimchukua muda mrefu kuliko kadi. Alipata viwili mwaka 1994, vya mbao, vyenye mito aliyoishona mama yetu. Viliwekwa pembeni mwa dirisha, upande ambao foleni haiwezi kuona. Ilipobidi, marehemu alitoka nje ya kioo chake, akazunguka, akamkalisha mtu, na yeye akakaa cha pili. Sijui ni watu wangapi walikalia viti vile. Yeye hakuwahesabu na hakuwahi kutusimulia walichosema.

Hapa naomba ruhusa ya kujivuna kwa niaba ya familia. Dada yetu hakuwa daktari wala muuguzi. Hakumdunga mtu sindano hata moja. Lakini nendeni leo katika hospitali ile mkatafute kitanda kitupu kisicho na kadi. Mimi nimetafuta, sijakiona. Tunajivunia hilo sana, na hatuoni aibu kulisema mbele ya jeneza lake.

Mke wa fundi baiskeli alikuja kuwa shoga yake wa karibu. Kila alipopita hospitalini aliinama kwenye tundu na kuuliza, "Muuaji wangu hajambo?" na marehemu akajibu, "Sijambo, mwili wangu. Umekula?" Wageni kwenye foleni walikuwa wanatoa macho. Walihudhuriana harusi za watoto, wakagombana kuhusu mapazia, wakapatana, na fundi alipofariki kweli mwaka 2009, ni marehemu aliyetoka nje ya kioo akamkalisha.

Alistaafu siku ya Ijumaa, tarehe 31 Machi 2017. Hakustaafu vizuri. Kila nyumba aliyotembelea alipanga upya mahali pa kuweka funguo, na mtu akisema "pale mbele" alikuwa anamkatiza: "Pale mbele si mahali. Sema mahali." Aliwafundisha wajukuu kuelekeza wageni tangu wakiwa na miaka minne, na yeye mwenyewe akaendelea kupotea sokoni.

Mwezi Novemba 2022 aligundulika na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali aliyoitumikia, naye hakuwa mgonjwa mtulivu. Akiwa amefungwa mipira mkononi aliwasikiliza watu wakielekezana ukumbini, na akisikia kosa alilirekebisha kutoka kitandani, mlango ukiwa umefungwa. Siku ya Jumatatu, tarehe 20 Mei 2024, alilazwa kwa mara ya mwisho, jengo jipya, ghorofa ya pili, wodi ileile ya uji. Shoga yake alimletea uji kila siku na kila siku akamtania kwamba kisasi cha kuuawa kwake amechelewa kukilipiza.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kuoga na kuchukua nguo zake safi, na simu yangu iliisha chaji njiani. Nilirudi karibu saa sita. Shemeji alikuwa ofisini akisaini karatasi, wauguzi walikuwa nyuma ya pazia kwa mgonjwa mwingine, na kitanda cha dada yangu kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Nilikuwa ninashuka sakafuni kabisa, nguo zake nikiwa nimezikumbatia, nilipoiona kadi.

Mwandiko ulikuwa wake, umetetemeka. Nilikuja kuambiwa kwamba alimwomba muuguzi kadi tupu siku ya Jumanne, akaiandika, akaiweka chini ya mto na kuacha maagizo. Haikusema amekwenda wapi. Hakuivunja sheria yake hata siku hiyo. Iliandikwa: *Mdogo wangu, usikae sakafuni. Shuka dirishani. Kuna viti.*

Nilishuka. Mama anayefanya kazi dirishani siku hizi aliniona kwa mbali. Hakusema kitu kupitia kioo. Alitoka, akazunguka, akanishika mkono, akanikalisha kwenye mto alioushona mama yangu, na yeye akakaa cha pili. Halafu ndipo aliponiambia.

Mtu wa kwanza niliyempigia baada ya simu kupata chaji alikuwa mke wa fundi baiskeli. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mmeangalia jengo jipya?"

Tumeangalia, mama. Tumeangalia kote.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kike ambaye ni fundi cherehani na wa kiume ambaye ni dereva wa lori, mkwe wa kiume na mkwe wa kike, wajukuu watano, wadogo zake watatu tuliobaki, na mwili mmoja mzima, umri wa miaka sabini na miwili, ulioketi hapa mstari wa mbele na chupa yake ya uji. Dada, pumzika kwa amani pale ulipo. Habari zako tumepewa na mtu, kwa mdomo, nasi tukiwa tumekaa.